Jicho gani kwa chipu yako? Simu, fotodiodi, fotomaltiplaya na hadubini

Mama mmoja muuza karanga katika soko la Arua alinitazama nikihangaika na kisanduku changu cheusi kwa karibu nusu saa. Mwishowe akavunja ukimya: "Sasa mwanangu, hiyo chombo inasema karanga yangu ni mzuri ama ni mbaya?" Nilikuwa na picha safi ya kumwonyesha kwenye simu, vijifereji vinane vimewaka bluu kama taa za harusi. Jibu la swali lake sikuwa nalo.

Ninayemwandikia ni yule aliyekwama hapo nilipokwama mimi. Chipu, yaani kile kibao kidogo chenye vijifereji vyembamba vya kupitishia sampuli, unayo, au iko njiani. Kemia yake inakubali. Kilichobaki ni kuamua kitu gani kitausoma mng'ao: kamera ya simu, fotodiodi (kijipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme) ya bei ya chai na chapati, fotomaltiplaya inayohesabu chembe za mwanga moja moja, au hadubini ya fluoresensi iliyokaa pembeni mwa maabara. Nimetumia zote nne, nyingine kwa kuazima, na kila moja imenipa furaha na aibu kwa zamu yake.

Kinachopimwa

Fluoresensi ni tabia ya kitu kumeza mwanga wa rangi moja na kuutema ukiwa na rangi nyingine, yenye nguvu pungufu. George Gabriel Stokes aliipa jina hilo mwaka 1852, na mojawapo ya vitu alivyovichunguza ni kwinini, dawa ileile chungu ambayo wengi wetu tulinyweshwa utotoni huku tumeshikwa mikono. Ukitaka kuiona kwa macho yako, mimina maji ya toniki kwenye glasi na uiweke chini ya ile taa ya zambarau ya kukagulia noti za dola. Maji yanageuka bluu. Tia chumvi kijiko kimoja, koroga, na bluu inafifia, kwa sababu ioni za kloridi huizima kwinini. Mchezo huu wa dakika mbili nitaurudia mwishoni, maana sijaona njia ya bei nafuu zaidi ya kuyalinganisha macho haya manne.

Ndani ya chipu mambo ni yaleyale, ila kiasi ni kidogo mno. Kijifereji cha upana wa mikromita 100, kina cha mikromita 50 na urefu wa milimita 1 kinabeba nanolita 5. Hata chai ya rangi ukiipitisha humo inaonekana kama maji, kwa kuwa mwanga haupati safari ya kutosha ya kumezwa. Mng'ao unaokolewa na jambo moja: unautazama juu ya giza. Giza likiwa bovu, jicho la gharama na jicho la bei rahisi yote ni vipofu.

Maswali ya kujiuliza kabla ya bei

La kwanza ni mkolezo, na hapa usiseme tu "nataka kifaa chenye usikivu mkubwa". Piga hesabu. Mimi nilikuwa natafuta aflatoksini, sumu ya ukungu wa karanga na mahindi, ambayo kwa bahati inang'aa yenyewe: herufi za majina yake, B1, B2, G1 na G2, zimetokana na majina ya Kiingereza ya bluu na kijani, rangi zinazoonekana ukiimulika kwa urujuanimno. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote pamoja, na 5 kwa B1 peke yake. Wafanyabiashara wa mpakani hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumu hizi. Sasa chukua gramu 25 za unga uliofika kwenye kiwango hicho cha 10, uzikamue kwa mililita 100 za methanoli na maji. Kilichomo ni mikrogramu 0.25, yaani nanogramu 2.5 kwa kila mililita, karibu nanomola 8 kwa lita (nanomola 1,000 ni mikromola moja). Hiyo ndiyo namba ambayo jicho lako linatakiwa kuitofautisha na sampuli tupu. Na mahindi yana vitu vyake vingine vinavyong'aa bluu, kwa hiyo usiposafisha kwanza kwenye safu ya kingamwili, inayoinasa sumu hiyo na kuacha mengine yapite, unachopima ni mahindi.

La pili ni aina ya jibu. Kuna anayehitaji picha, mathalani wa kuhesabu seli. Kuna anayehitaji namba moja. Na kuna yule mama wa Arua, anayehitaji ndiyo au hapana kabla ya lori kuondoka.

La tatu ni kasi. Kitu kilichotulia kwenye kisima cha chipu kinaweza kusubiri sekunde kumi. Matone 1,000 yanayopita kila sekunde hayasubiri mtu.

La nne ni rangi ya mwanga unaouhitaji. Fluoresini, rangi ya maabara inayong'aa, humeza mwanga wa bluu karibu na nanomita 490 na kutema kijani karibu na 515. Hapo LED za bei rahisi na vichujio vya kawaida, vinavyopitisha rangi moja ya mwanga na kuzuia nyingine, vinakutosha. Aflatoksini inataka nanomita 365 na kujibu kwa bluu, na huko chini karibu kila kitu kinang'aa: karatasi, plastiki, hata shati lako.

La tano linasahaulika mpaka siku ya aibu. Nani atakibeba kifaa, umeme wake unatoka wapi, na kikifa nani atakifungua?

Kwamba swali moja linaweza kujibiwa na macho tofauti, kliniki za VVU za hapa Uganda ni ushahidi. Kuhesabu seli za CD4, seli za kinga ya mwili, kumefanywa na mashine kubwa kama FACSCalibur, yenye leza ya nanomita 488 na fotomaltiplaya, seli zikipita moja baada ya nyingine kwenye mtiririko mwembamba. Kazi ileile imefanywa na Pima, kisanduku cha kubebwa mkononi: mikrolita 25 za damu kwenye katriji, LED, kamera, na jibu baada ya dakika kama 20. Ya kwanza inamtaka fundi, chumba na foleni ndefu ya sampuli. Ya pili inaridhika na meza na muuguzi.

Sasa niyapitie yote manne kwa vichwa vilevile: kinachoonekana, kinachodaiwa, linapoangusha, na linamfaa nani.

1. Kamera ya simu

*Kinachoonekana.* Simu inaona eneo zima kwa mkupuo, vijifereji vinane au ishirini katika picha moja. Faida hii ni kubwa kuliko megapikseli zote, kwa sababu unaweza kuweka sampuli tupu na myeyusho wa mkolezo unaojulikana kando ya sampuli yenyewe. LED ikififia kwa betri kuchoka, vyote vitatu vinashuka pamoja na uwiano unabaki palepale. Kwa mkolezo, simu iko nyumbani kwenye mikromola na mamia ya nanomola. Kushuka zaidi kunawezekana, lakini jasho litakutoka. Uwezo wa jicho hili si wa kudharau: mwaka 2009 watu wa Berkeley, Marekani, walionyesha kwa CellScope yao kwamba kamera ya simu ikipewa lenzi na vichujio inaweza kuona bakteria wa kifua kikuu kwa fluoresensi.

*Kinachodaiwa.* Kisanduku cha giza, kichujio mbele ya lenzi, lenzi ndogo ya kukuza vya karibu, na programu inayokuruhusu kuufunga muda wa picha, ISO (usikivu wa kamera) na mizani ya rangi. Hifadhi picha ghafi. JPEG imeshapikwa na kutiwa viungo.

*Linapoangusha.* Simu imeundwa kukufurahisha. Ikikuta giza, inaongeza muda wa picha yenyewe, na sampuli tupu inatoka imewaka kama iliyo na sumu. Zile bluu nane za Arua zilikuwa hivyo. Nilikuwa nimeacha kila kitu kijipange chenyewe, na simu ikanipangia uongo wenye rangi nzuri. Jambo jingine ni kwamba aina ya simu uliyoizoea leo haitakuwa madukani miaka miwili ijayo, na kisanduku ulichokikata kwa vipimo vyake kitabaki kuwa chombo cha kuwekea kalamu.

*Linamfaa nani.* Mwenye sampuli nyingi zilizotulia na mng'ao wa kutosha, anayetaka matokeo yatumwe papo hapo mbali na maabara.

2. Fotodiodi na LED

*Kinachoonekana.* Namba moja kutoka sehemu moja. Haina picha, haina haja nayo. Ikipangwa vizuri inasoma makumi ya nanomola bila shida, na kwenye kisanduku kilichotulia inafika nanomola chache, ambako ndiko hesabu yangu ya aflatoksini iliko. Usiidharau kwa udogo wake: GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu ambayo Shirika la Afya Duniani liliipa baraka Desemba 2010 na ambayo leo huhitaji kumweleza mtu wa maabara ya Uganda, inasoma mng'ao wa katriji zake kwa LED na vitambuzi vya silikoni vya ukoo huuhuu.

*Kinachodaiwa.* Fotodiodi kama BPW34, amplifaya, rezista kubwa, LED, vichujio viwili na subira. Kwa rezista ya megaohm 10, kila nanoampea ya mkondo inakupa milivolti 10. Ukiitaka mikondo midogo zaidi unapanda hadi gigaohm 1, lakini unalipa kwa kasi: pikofaradi 1 tu iliyojificha kwenye waya inatosha kufanya saketi isubiri milisekunde nzima. Iweke LED ubavuni na fotodiodi juu, kwa pembe mraba, ili mwanga wa LED usiingie moja kwa moja jichoni.

*Linapoangusha.* Hapa nina ya kusimulia. Kisanduku cha kwanza nilikichapisha kwa plastiki nyeusi, nikafungia ndani ya chumba chenye mapazia, nikapata msingi mtulivu asubuhi nzima. Saa nane mchana namba zikaanza kupanda. Sampuli ilikuwa maji. Nilibadilisha LED, nikabadilisha waya, nikamshuku mwenzangu kuwa ameichezea saketi. Kumbe ni jua limezunguka upande wa dirisha. Fotodiodi ya silikoni inaona vizuri zaidi kwenye infraredi, karibu na nanomita 900, na plastiki nyingine nyeusi, kama vitambaa vingi vyeusi, ni nyeusi kwa macho yetu tu. Kwa infraredi ni kama chandarua. Nilikifunika kisanduku kwa karatasi ya alumini ya jikoni, namba zikalala. Tabia hiyohiyo wanayo vichujio vya plastiki ya rangi vya bei rahisi: vinazuia bluu vizuri, kisha vinaruhusu infraredi yote ipite. Simu haina tatizo hili kwa sababu kamera yake imeshawekewa kizuizi cha infraredi kiwandani.

Dawa ya pili ni mdundo. Taa za umeme wetu wa hertz 50 humeta mara 100 kwa sekunde. Nikaiwasha na kuizima LED mara 370 kwa sekunde, namba isiyogawanyika kwa 50, na programu ikasoma tu kile kinachopiga kwa mdundo huo. Ni sawa na kuifuata ngoma moja wakati harusi tatu zinapigwa mtaa mmoja. Ila jua likiwa kali linaijaza amplifaya hadi kooni na hakuna mdundo utakaosikika, kwa hiyo alumini kwanza, ujanja baadaye.

Halafu kuna pawabanki. Nilidhani nimemaliza shida ya umeme, kumbe pawabanki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na LED moja ya miliampea 20 ni mzigo mdogo kweli. Kila baada ya sekunde thelathini kipimo kilikuwa kinakufa. Niliweka rezista ya kula umeme bure ili pawabanki ijue bado kuna mtu nyumbani.

*Linamfaa nani.* Mwenye kijifereji kimoja au viwili, kipimo kinachojirudia kilekile, na mkono usioogopa chuma cha kulehemu. Fotodiodi ikifa, mtaani inapatikana nyingine.

3. Fotomaltiplaya

*Kinachoonekana.* Chembe moja ya mwanga ikigonga inatoa elektroni, elektroni inazaa nyingine, hatua kwa hatua, hadi milioni. Pamoja na leza na vichujio vya kweli, inashuka hadi pikomola, sehemu ya elfu ya nanomola, na kasi yake ni ya nanosekunde. Matone 1,000 kwa sekunde kwake ni matembezi ya jioni.

*Kinachodaiwa.* Volti 500 hadi 1,000, umeme usioyumba, na giza la kaburini. Siku hizi kuna moduli zilizofungwa tayari, za kampuni ya Hamamatsu kwa mfano, ambazo wewe unazipa volti chache na zenyewe zinatengeneza hizo kubwa ndani. Kuna pia ndugu yake wa silikoni anayefanya kazi kwa volti kama 30 na asiyeogopa sumaku, ingawa ana kelele nyingi zaidi kukiwa na joto.

*Linapoangusha.* Fungua kifuniko taa ya chumba ikiwa imewaka na fotomaltiplaya ikiwa imewashwa, na unaweza kuagana nayo. Si kitu cha kumwachia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza peke yake. Ila mtego mkubwa ni mwingine, na wengi wanauingia wakiwa na fedha mkononi: wanadhani jicho kali litawaokoa na chipu chafu. Jicho hili linakuza kila kitu. Kama asilimia 95 ya mwanga unaofika ni mng'ao wa plastiki ya chipu, umelipa maelfu ya dola kuipima plastiki kwa usahihi wa ajabu.

*Linamfaa nani.* Anayehesabu seli au matone yanayokimbia, au anayetafuta mkolezo mdogo mno baada ya kuthibitisha kuwa giza lake ni safi. Mtu huyo awe na mahali pa kudumu na mtu wa kukitunza kifaa.

4. Hadubini ya fluoresensi

*Kinachoonekana.* Kila kitu, kwa umbo lake. Kiputo cha hewa kilichoziba kona, seli zilizogandana, rangi iliyojipenyeza kwenye ukuta: hadubini inakuonyesha *kwa nini* namba ni mbaya, na macho mengine matatu hayawezi hilo. Kwa ukali wa kuona mkolezo, ikiwa na kamera nzuri inaipita simu kwa mbali.

*Kinachodaiwa.* Pengine hudaiwi chochote, kwa sababu ipo tayari. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza hadubini za LED kwa kifua kikuu mwaka 2011, maabara nyingi zilianza kuzipata. Ile LED ya bluu inayowasha auramini, rangi ya kuwaonyesha bakteria wa kifua kikuu, kwenye makohozi inawasha pia fluoresini kwenye chipu yako. Mwombe msimamizi kwa adabu, nenda saa ambazo foleni ya makohozi imekwisha, na usiguse mpangilio wake. Kwa aflatoksini haitakufaa bila LED na vichujio vya urujuanimno. Ukinunuliwa ya zamani yenye taa ya zebaki, jua kuwa balbu inaishi saa kama 200, wakati LED inapita 10,000.

*Linapoangusha.* Haisafiri. Unyevunyevu wa misimu yetu miwili ya mvua unaotesha ukungu juu ya lenzi, na ukishaota hautoki wote, kwa hiyo kifuko cha jeli ya silika ndani ya kifuniko si anasa. Picha nayo si namba: katikati huwaka kuliko pembeni, na mwanga mkali unaipausha fluoresini ukiwa bado unarekebisha fokasi. Nimeona kalibresheni nzuri ikiharibika kwa sababu kila sampuli ilitazamwa kwa muda tofauti.

*Linamfaa nani.* Anayebuni chipu mpya na bado hajui inakosea wapi. Pia anayetaka kuona seli.

Yasiyoponywa na jicho lolote

Wiki moja sampuli zangu tupu zote ziling'aa bluu, pale pale kwenye rangi ya aflatoksini. Maji yalikuwa safi, methanoli mpya. Mwishowe nililiweka bika tupu chini ya taa ya nanomita 365 na likawaka lenyewe. Nilikuwa nimeviosha vyombo kwa sabuni ya unga ya kufulia, na sabuni hizo zina kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, ambazo kazi yake yote ni kumeza urujuanimno na kutema bluu. Koti langu jeupe la maabara lilikuwa linaninyunyizia mwanga huohuo kila nilipoinama juu ya kisanduku. Sasa navaa fulana nyeusi, na vyombo vinasuuzwa kwa methanoli.

Plastiki ya chipu nayo ichaguliwe kwa macho wazi. Kwa mng'ao wa bure, kioo ndicho kitulivu zaidi na polikaboneti ni msumbufu. Akriliki ya mafundi wa mabango wa Nasser Road, Kampala, inakatika vizuri kwa leza, lakini nyingi imetiwa kinga ya jua inayoimeza nanomita 365 kabla haijafika kwenye sampuli. Ijaribu: weka kipande juu ya glasi ya toniki chini ya taa ya noti. Bluu ikizimika, kipande hicho hakifai. PDMS, ile plastiki laini kama mpira wanayoipenda watafiti, inapitisha urujuanimno vizuri ila inakunywa baadhi ya rangi za maabara. Rodamini B, mojawapo ya rangi hizo, huingia ndani ya kuta zake na haitoki, na pia hupungua mng'ao kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo asubuhi na alasiri hazifanani.

Na gunia. Sumu ya ukungu haitawanyiki sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Ukichota konzi moja juu ya gunia, hata fotomaltiplaya itakupa jibu sahihi kabisa la konzi ile.

Hali yako ni ipi?

Ukiwa unapima maji ya chemchemi au visima kutafuta *E. coli*, bakteria wa kinyesi, kwa kutumia MUG, kemikali inayong'aa ikishavunjwa, bakteria wenyewe wanakufanyia kazi: kimeng'enya chao kinaivunja MUG usiku kucha hadi bluu inajaa. Mng'ao ni mwingi, muda si tatizo, maeneo ni mengi. Hapo simu na taa ya nanomita 365 zinatosha, mradi umeufunga muda wa picha.

Ukiwa unafuatilia DNA ikizidishwa ndani ya chipu kwa nyuzi 65, mng'ao unapanda polepole kwa dakika 30 au 60 na unachotaka ni mchoro wa kupanda kwake. Fotodiodi ni mahali pake. Simu inaweza, lakini ikikaa juu ya hita muda huo inapata joto na kelele za picha zinaongezeka.

Kwa anayehesabu seli kwenye mtiririko, swali ni idadi kwa siku. Sampuli mia zinalipa gharama ya leza na fotomaltiplaya. Sampuli sita kijijini hazilipi. Zisimamishe seli kwenye kisima cha chipu na uzipige picha.

Mwanafunzi mwenye miezi minane ya kumaliza mradi, anza na hadubini ya kuazima hata kama lengo lako ni kifaa cha mkononi. Chipu ikishatulia chini ya lenzi, ndipo ujenge kisanduku. Nilifanya kinyume na nikapoteza muhula. Usijifunge pia kwenye fluoresensi kwa mazoea: Brian Gitta na wenzake, walioshinda tuzo ya uhandisi ya Africa Prize mwaka 2018 kwa kifaa chao kiitwacho Matibabu, walikwenda na mwanga mwekundu na sumaku kutafuta malaria bila kutoa damu hata tone.

Kwa aflatoksini, ukiwa na safu ya kusafishia na umeme wa betri, fotodiodi ya urujuanimno ndiyo niliyobaki nayo, na sampuli zenye shaka nazipeleka kwenye maabara inayotambuliwa, kwa sababu kisanduku changu hakitoi cheti cha kuvuka mpaka. Lakini mfanyabiashara mwenye magunia kumi na swali la ndiyo au hapana, mimi mwenyewe humshauri anunue vijiti vya kipimo cha haraka, vile vinavyofanana na vya malaria, na aache chipu kwetu.

Ukiwa bado hujaamua, rudi kwenye toniki. Ipunguze mara kumi kwa maji safi yenye asidi sitriki kidogo, kisha mara kumi tena, na tena, hadi glasi ya sita. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi. Lete kila jicho unaloweza kuliazima, soma glasi zote kwa mpangilio mmoja, ukianza na maji matupu mara tano. Andika ni glasi ya ngapi ambayo jicho linashindwa kuitofautisha na maji. Toniki ya Marekani hairuhusiwi kuzidi miligramu 83 za kwinini kwa lita, karibu mikromola 256, kwa hiyo hata bila mizani ya maabara unajua uko kwenye kundi gani la mkolezo. Jicho lililoshindwa glasi mbili kabla ya kufika kwenye namba yako, lirudishe kwa mwenyewe. Mara nyingi hubaki mawili, na hapo waite watakaokibeba kifaa, wakishike mkononi dakika kumi mbele yako bila wewe kuwasaidia.